Mahindi Mengi, Watu Wachache

Sensa ya Marekani ya mwaka 2010 iliandika kwamba kijiji cha Monowi, kaskazini mwa jimbo la Nebraska, kilikuwa na mkazi mmoja. Sensa ya 2020 ikaandika wawili. Aliyekuwapo alikuwa yule yule, na hakuna aliyehamia kuishi naye. Kilichobadilika ni namna ya kuhesabu. Ofisi ya Sensa ilikuwa imeanza kutumia utaratibu mpya wa kulinda faragha: idadi ya watu wa jimbo zima huachwa kama ilivyo, lakini namba za sehemu ndogo huongezwa au kupunguzwa kidogo kwa makusudi, ili asitokee mtu wa kuchambua majedwali na kuyajua mambo ya jirani yake. Katika mji wa watu laki moja marekebisho hayo hayaonekani. Monowi yaliizidishia wakazi mara mbili.

Watalii na waandishi wa habari wamekipenda sana kijiji hiki, na wengi hukisimulia kwa kicheko: bibi mmoja ndiye meya, ndiye karani na mhazini, anajitoza kodi mwenyewe na kujipa leseni ya kuuza pombe katika baa yake. Mimi naona kuna jambo zito ndani yake. Mwaka 1930 Monowi ilikuwa na watu zaidi ya 120, posta, shule na maduka. Posta ikafungwa. Mwaka 1974 ikafungwa shule. Kufikia 1990 walibaki watu 6, na mwaka 2000 wakabaki wawili, mke na mume, hadi mume akafariki. Kilichotokea hapo kimetokea, kwa mwendo wa polepole zaidi, katika mamia ya vijiji vya majimbo 12 yanayoitwa Magharibi ya Kati, kutoka Ohio hadi Kansas na Dakota Kaskazini. Na kimetokea katika baadhi ya mashamba yenye rutuba kubwa kuliko yote duniani. Njaa haikuwafukuza watu hawa. Waliondoka huku mavuno yakiongezeka mwaka hadi mwaka, na hilo ndilo linalohitaji kuelezwa.

Msomaji wa Afrika Mashariki akisikia kijiji huwaza nyumba za wakulima zilizo pamoja na mashamba kandokando. Huko mpangilio ni mwingine. Mkulima huishi shambani kwake na familia yake, katikati ya eka zake, na jirani wa karibu huenda yuko kilomita nzima mbali. Kijiji ni mahali anapopeleka nafaka, anaponunua misumari na unga, anaposali, anapopeleka watoto shule. Wanaoishi humo ni mwenye duka, mhunzi, mwalimu, mchungaji, fundi, mkulima mstaafu. Uhai wao wote unategemea idadi ya familia zilizotawanyika mashambani kukizunguka kijiji.

Mtawanyiko huo ulipangwa na serikali. Sheria ya upimaji ya 1785 iliigawa nchi katika miraba ya maili sita kwa sita, kila mraba ukakatwa vipande 36, na kipande cha 16 kikatengwa kwa ajili ya shule. Sheria ya Makazi ya 1862 ikampa mtu eka 160 iwapo angeishi juu yake na kuilima kwa miaka mitano. Kisha zikaja kampuni za reli, na hizo ndizo zilizozaa vijiji vyenyewe. Zilipanga vituo kwa kipimo cha farasi: mkulima apakie nafaka asubuhi, aifikishe kwenye ghala la kituoni, anunue mahitaji yake na kurudi kabla ya giza. Ndiyo maana vijiji vingi vimepangana kando ya reli kwa umbali wa kilomita 10 hadi 16. Monowi ilipimwa mwaka 1902, reli ya Fremont, Elkhorn and Missouri Valley ilipofika hapo. Miaka minane baadaye kaunti yake, Boyd, ilikuwa na watu zaidi ya 8,000. Mwaka 2020 walibaki 1,810.

Majedwali ya kaunti hiyo huanza mwishoni mwa karne ya 19, kana kwamba kabla ya hapo palikuwa pori tupu. Waponca walikuwa wakiishi na kulima mahindi mahali mto Niobrara unapoingia katika Missouri, si mbali na hapo. Mwaka 1877 serikali iliwahamisha kwa nguvu hadi eneo ambalo leo ni Oklahoma, na wengi wakafa njiani na huko walikopelekwa. Chifu wao, Standing Bear, alifiwa na mwanawe, akashika njia kurudi kaskazini ili amzike kwa mababu zake, akakamatwa. Kesi yake mjini Omaha mwaka 1879 ndiyo iliyomfanya jaji Elmer Dundy atamke kwamba mwenyeji wa asili ni mtu mbele ya sheria. Anayesikitikia vijiji vinavyokwisha leo asisahau kwamba ardhi hiyo ilikwisha kuondolewa watu mara moja, na wale wa kwanza hawakuulizwa.

Sasa hesabu ya shamba. Mwaka 1935 Marekani ilikuwa na mashamba milioni 6.8, kwa wastani wa eka 155. Sensa ya kilimo ya 2022 ilikuta mashamba milioni 1.9, wastani wake eka 463. Katika miaka ya 1930 eka moja ya mahindi ilitoa wastani wa gunia sita hivi za kilo 100. Siku hizi inatoa gunia 44 au 45. Mbegu chotara zilienea kuanzia miaka hiyo ya 1930; baada ya Vita Kuu ya Pili ikaja mbolea ya viwandani kwa bei nafuu, kisha dawa za kuua magugu. Trekta ikachukua nafasi ya farasi na nyumbu, ambao wakati wa Vita Kuu ya Kwanza walikuwa zaidi ya milioni 25 nchi nzima na walikula sehemu kubwa ya kilichovunwa. Kazi iliyokuwa ikihitaji baba, watoto watatu wa kiume na kibarua wa msimu ikawa ya mtu mmoja aliyekaa juu ya kombaini.

Kwa kijiji, hapo ndipo pigo lilipotua. Palipokuwa na familia nne ikabaki moja. Hiyo moja huenda ikawa na mapato ya zote nne, lakini haiwezi kula mara nne, wala kuugua mara nne, wala kujaza madawati ya familia nne. Mashine zake inanunua kwa wakala wa mji mkubwa, mkopo inachukua huko huko. Gari na barabara za lami zikamalizia: mkulima aliyekuwa akisafiri saa mbili kwa farasi hadi kijiji cha jirani sasa anakipita kwa dakika kumi na kuendelea hadi makao makuu ya kaunti, penye duka kubwa na daktari. Mwaka 1980 sheria ya reli ikalegezwa, na kampuni zikapata urahisi wa kuziacha njia ndogo zisizo na faida. Kituo kilichokizaa kijiji kikaondoka, na mara nyingi hata mataruma yaling'olewa.

Kuna wanaosema vijiji hivi vilikuwa vingi mno tangu mwanzo, kwa hiyo kupungua kwake ni kama mti kupukutisha majani ya ziada. Kwa miaka ya 1920 hadi 1960 nakubaliana nao kwa sehemu. Sikubaliani nao hata kidogo kuhusu miaka ya 1980, kwa kuwa hapo mikono ya watu inaonekana waziwazi. Mwaka 1972 Umoja wa Kisovyeti ulinunua nafaka nyingi mno, bei zikaruka, na Waziri wa Kilimo Earl Butz akawahimiza wakulima walime kila kipande na kupanua mashamba. Benki zikakopesha kwa dhamana ya ardhi iliyokuwa ikipanda thamani kila mwaka. Mwaka 1979 Benki Kuu, chini ya Paul Volcker, ikaanza kupandisha riba ili kuua mfumuko wa bei, na riba za benki zikapita asilimia 20. Januari 1980 Rais Carter akazuia uuzaji wa nafaka kwa Wasovyeti kwa sababu ya uvamizi wa Afghanistan. Katika jimbo la Iowa eka moja iliyokuwa na thamani ya dola 2,147 mwaka 1981 ilishuka hadi dola 787 mwaka 1986. Mtu aliyekopa kwa dhamana ya ile thamani ya kwanza alikuwa amefilisika hata kama mvua zilinyesha na mahindi yakazaa.

Willie Nelson na wenzake walifanya tamasha la Farm Aid mjini Champaign, Illinois, Septemba 1985, na fedha zilizopatikana ziliwafaa baadhi. Lakini angalia ni nani aliyeondoka. Mkulima wa miaka 60 aliyemaliza kulipia shamba alibaki. Mwenye miaka 32, aliyenunua ardhi kwa bei ya juu na mwenye watoto wadogo, ndiye aliyepoteza kila kitu. Familia yake ilipohamia Omaha au Des Moines iliondoka na madawati matatu ya shule na waumini watano wa kanisa, pamoja na wote ambao wangezaliwa hapo miaka 20 baadaye. Vijiji vingi havijawahi kuzaliwa upya baada ya kizazi kile kung'oka.

Nikiulizwa kijiji cha namna hii hufa lini hasa, nitajibu: siku shule ya msingi inapofungwa. Kabla ya hapo kijiji kinapungua. Baada ya hapo hakuna familia changa yenye sababu ya kuhamia. Katika mwaka wa masomo 1939–40 Marekani ilikuwa na wilaya za shule zipatazo 117,000. Leo ni 13,000 hivi. Kuziunganisha kulikuwa na hoja nzuri: maabara, mwalimu wa hisabati aliyesomea hisabati, maktaba. Sizikatai hoja hizo kwa shule za sekondari. Ila hesabu ya gharama kwa kila mwanafunzi haijawahi kuweka upande wa pili kile ambacho shule inakifanyia kijiji.

Tazama Milan, jimbo la Indiana. Mwaka 1954 shule yake ya sekondari ilikuwa na wanafunzi 161 tu, na timu yake ya mpira wa kikapu iliifunga Muncie Central, shule kubwa mara nyingi zaidi, kwa 32 kwa 30 na kutwaa ubingwa wa jimbo zima. Wakati huo jimbo halikugawanya mashindano kwa ukubwa wa shule. Kijiji cha watu wasiozidi elfu moja na mia chache kiliweza kusimama uwanjani mbele ya mji wa viwanda. Miaka zaidi ya 70 imepita na watu wa Indiana bado wanaisimulia mechi hiyo, na filamu ya *Hoosiers* ya 1986 ilichota kwake. Huko Nebraska na Kansas, shule zilizopungukiwa na vijana zimeupunguza mchezo wenyewe ili usife: futiboli ya Kimarekani, ambayo kwa kawaida huwa na wachezaji 11 kila upande, huchezwa na wanane, na kwingine na sita. Iowa ina wilaya inayoitwa AGWSR, herufi za kwanza za Ackley, Geneva, Wellsburg na Steamboat Rock, makao manne yaliyokubali kuwa na shule moja mradi hakuna litakaloachwa nje ya jina. Watu hawafanyi hivi kwa ajili ya mpira. Ijumaa usiku uwanjani ndipo mahali pa mwisho ambapo watu wa kaunti nzima wanaonana uso kwa uso.

Ni shule hiyo hiyo inayowasindikiza vijana mlangoni. Wanasosholojia Patrick Carr na Maria Kefalas waliishi katika mji mdogo wa Iowa, wakaupa jina la Ellis ili kuwaficha wenyeji, na mwaka 2009 wakachapisha kitabu *Hollowing Out the Middle*. Walichokiona kinauma: walimu, wazazi na wachungaji huwachagua mapema watoto wenye vipaji, wakawapa muda na sifa na barua za mapendekezo, wakawasukuma kwenda chuo kikuu na kuondoka. Wale watakaobaki kuendesha kijiji hupewa kidogo sana. Jamii inatumia mali yake adimu kuandaa watu wa miji mingine. Sidhani kuna mzazi anayestahili lawama kwa kumtakia mwanawe makubwa. Kosa liko katika kumwona anayebaki kuwa aliyeshindwa. Naye Ben Winchester wa Chuo Kikuu cha Minnesota ameonyesha upande ambao vilio huuficha: kaunti nyingi za mashambani hupoteza vijana wa miaka 20, lakini hupokea watu wa miaka ya 30 na 40, mara nyingi wakiwa na watoto na ujuzi waliochuma kwingine. Wanatafuta utulivu, usalama na nyumba wanayoweza kuimudu. Kwa hiyo suala la kijiji si kumfunga kamba kijana wa miaka 18. Ni kuwa na shule, zahanati na intaneti siku atakapotaka kurudi, au siku mwingine atakapotaka kuja.

Kupungua kwa watu huleta pia kupungua kwa sauti. Iowa ilikuwa na viti 11 katika Baraza la Wawakilishi mwanzoni mwa karne ya 20. Leo ina vinne, ingawa watu wake wameongezeka, kwa kuwa majimbo mengine yameongezeka kwa kasi zaidi. Na hesabu yenyewe inaweza kupotosha. Huko Anamosa, mji mdogo wa Iowa wenye gereza kubwa, kata moja ya udiwani ilihesabiwa kuwa na watu sawa na kata nyingine, lakini karibu wote walikuwa wafungwa wasioruhusiwa kupiga kura. Mwaka 2005 diwani wa kata hiyo alichaguliwa kwa kura mbili. Baadaye mji ukaacha uchaguzi wa kata. Monowi nayo, kila mwaka, ililazimika kuandaa bajeti na mpango wa barabara ili ipate fedha za jimbo za taa na njia zake. Wanaocheka hawaoni kwamba bila karatasi hizo kijiji kingefutwa kisheria. Mtu yule mmoja alikuwa akikilinda.

Kuanzia 2010 hadi 2020, kwa mara ya kwanza katika historia ya Marekani, maeneo ya nje ya miji mikubwa yote kwa jumla yalipoteza watu katika muongo mzima. Tangu hapo kuhamia mashambani kumeongezeka kiasi, lakini katika kaunti za wazee vifo vinazidi vizazi, na wahamiaji wachache hawatoshi kuziba pengo. Idadi ndogo ya watu inageuka kuwa suala la uhai hasa. Zimamoto na gari la wagonjwa huko huendeshwa na wakazi wanaojitolea, na wengi wao wamezeeka. Hapa kuna jambo moja lililofanyika vizuri, na napenda litajwe. Mwaka 1997 Bunge liliunda mpango wa kuzilipa hospitali ndogo za mashambani, zenye vitanda visivyozidi 25, kulingana na gharama zao halisi. Hospitali zaidi ya 1,300 zimeingia katika mpango huo. Lynch, kijiji jirani na Monowi chenye watu wapatao 200, kwa miongo mingi kimekuwa na hospitali yake. Soko peke yake lisingeiacha hapo hata mwaka mmoja.

Viko pia vijiji na miji midogo iliyojaa upya, na kilichoijaza ni nyama. Kampuni ya IBP ilianzishwa Denison, Iowa, mwaka 1960 kwa wazo la kuchinja ng'ombe karibu na wanapofugwa badala ya kuwasafirisha hadi Chicago, ambako machinjio makubwa ya Union Stock Yards yalifungwa mwaka 1971. Kazi ikahamia mashambani, mishahara ikashuka, na wenyeji wengi hawakuitaka. Wakaja watu wa Meksiko na Guatemala, kisha wakimbizi. Lexington, Nebraska, ulikuwa na watu 6,600 hivi mwaka 1990, kiwanda kilipofunguliwa. Miaka 10 baadaye walipita 10,000. Miongoni mwao wako Wasomali, na wengi wa Wasomali wa majimbo haya walipitia kambi za Dadaab na Kakuma nchini Kenya; si ajabu kusikia Kiswahili katika duka la mji ambao jina lake halijulikani Nairobi wala Dar es Salaam. Wakongomani nao wamejaa katika viwanda vya Iowa na katika mji mdogo wa Beardstown, Illinois. Mgeni njoo, mwenyeji apone: shule zilizokuwa zikifungwa zimeongeza madarasa, na nyumba tupu zimepata wapangaji.

Lakini kijiji kinachopona kwa kutegemea mwajiri mmoja kimeweka shingo yake mkononi mwa mtu. Postville, Iowa, ulikuwa na watu chini ya 1,500 mwaka 1990. Kiwanda cha nyama cha Agriprocessors, kilichofunguliwa na familia ya Kiyahudi kutoka Brooklyn mwaka 1987, kiliufikisha 2,273 mwaka 2000. Tarehe 12 Mei 2008 maofisa wa uhamiaji walikivamia na kukamata wafanyakazi 389, wengi wao Waguatemala. Kwa siku moja mji ulipoteza zaidi ya mtu mmoja kati ya kila saba, familia zikajificha kanisani, na kabla mwaka haujaisha kampuni ikafilisika. Wamiliki wapya walikifufua kiwanda, Wasomali na wengine wakaja, na sensa ya 2020 ikahesabu watu 2,503. Lexington haujui bado mwisho wake: Novemba 2025 kampuni ya Tyson, iliyoinunua IBP mwaka 2001, ilitangaza kukifunga kiwanda cha huko chenye wafanyakazi wapatao 3,200.

Mfano unaonifikirisha zaidi uko Ohio, kaunti ya Holmes, ambako karibu nusu ya watu ni Waamishi. Hawa ni Wakristo wanaokataa gari la kumiliki na umeme wa gridi, wenye familia za watoto sita au saba. Idadi yao nchini huongezeka maradufu kila baada ya miaka 20 hivi. Kesi ya Wisconsin dhidi ya Yoder mwaka 1972 iliwapa haki ya kumalizia watoto wao shule darasa la nane, na wana shule zao ndogo zinazofikika kwa miguu. Kwa kuwa bado wanasafiri kwa farasi, kile kipimo cha kale cha reli kwao bado kinafanya kazi: duka lazima liwe karibu, mhunzi lazima awe karibu, mnunuzi hawezi kukipita kijiji. Wengi hawalimi tena. Ardhi ni ghali mno, kwa hiyo wanatengeneza samani na kuchana mbao katika karakana za nyumbani. Siwezi kumshauri mtu akataze gari, na kumsomesha mtoto mwisho darasa la nane kuna bei yake. Hata hivyo Waamishi wanathibitisha kwamba idadi ya watu mashambani haikuamuliwa na udongo wala na hali ya hewa. Imeamuliwa na umbali ambao watu wamekubali kusafiri, na jinsi kazi inavyogawanywa.

Tiba zilizojaribiwa ni nyingi, na nyingi ni ndogo. Marquette, Kansas, uligawa viwanja bure. Jimbo hilo hilo, tangu 2011, limekuwa likiwalipia wahamiaji wa kaunti zilizopungua mkopo wa chuo hadi dola 15,000 kwa miaka mitano. Familia chache zimekuja. Mwaka 1987 Frank na Deborah Popper wa Chuo Kikuu cha Rutgers walipendekeza kinyume chake: sehemu kavu za nyanda zirudishwe kwa nyati na majani. Wenyeji walikasirika, na nawaelewa. Lakini Popper na mkewe walikuwa angalau wamekubali kwamba kutofanya lolote nako ni uamuzi.

Ninaloliamini mimi ni kwamba mzizi uko kwenye umiliki wa ardhi. Wananchi wa Nebraska waliliona hilo mwaka 1982 walipopitisha kwa kura zao kifungu cha katiba kilichozuia makampuni kumiliki mashamba. Mahakama ya rufaa ya shirikisho ikakibatilisha mwaka 2006. Leo wastani wa umri wa mkulima wa Marekani ni miaka 58. Huko Iowa, kwa mujibu wa utafiti wa chuo kikuu cha jimbo hilo wa 2022, theluthi mbili za ardhi ya kilimo ziko mikononi mwa watu wenye miaka 65 na zaidi, na bei ya eka ilishapita dola 11,000. Vijiji vitupu vimezungukwa na ardhi ambayo kijana wa kijiji hawezi kuigusa. Katika miaka 20 ijayo sehemu kubwa ya ardhi hiyo itarithiwa au kuuzwa, warithi wengi wanaishi mijini, na mnunuzi aliye tayari kulipa taslimu ni jirani ambaye tayari ana maelfu ya eka.

Nebraska ina sheria ya mwaka 1999 inayompa mwenye shamba nafuu ya kodi akimkodishia mkulima anayeanza kwa muda wa miaka mitatu. Ni sheria ndogo, na miaka mitatu haimtoshi mtu kujenga nyumba na kuandikisha watoto shule. Ingeongezwa hadi miaka 10, ikaambatana na mkopo wa kununua ardhi yenyewe mwishoni, kaunti kama Boyd ingeanza kupata familia moja hapa, nyingine pale, kila baada ya eka mia chache, na basi la shule lingekuwa na mtu wa kumpakia.